Koki ya Shemeji

Tuseme ukweli mapema, roho zipoe: mjinga wa siku ile alikuwa Mapafu. Amekiri mwenyewe, tena mbele ya watu kumi na wawili na mbwa wa mlinzi. Lakini kukiri kulihitaji muda, na muda ndicho kitu alichokuwa hana pale tulipomwacha wiki iliyopita.

Tulimwacha mita kumi na nane chini ya maji, ubavuni mwa mwamba, mbele ya vizimba vya chaza wa lulu, anavuta hewa na hewa haiji.

Kwa aliyefungia vitumbua gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, habari ni fupi. Mapafu na shemeji yake, kaka wa mkewe, ni wazamiaji katika shamba moja la lulu. Mwenye shamba alitangaza kwamba atateua kiongozi wa wazamiaji, mmoja tu, na kwamba atapanda boti yeye mwenyewe awaone kazini. Mapafu ana miaka kumi na moja chini ya maji. Shemeji ana minne, na mdomo. Shamba zima lilishajua nani anapendwa.

Mitungi ya hewa huandaliwa gatini asubuhi. Anayeijaza ni Mama Kompresa, mwanamke wa maneno machache na misuli mingi. Akishajaza huifunga kwenye vizibao, hufungua koki zote mpaka mwisho, kisha huipanga kwenye chanja tayari kwa kuvaliwa. Vizibao vyenyewe vyote ni vyeusi, vyote saizi moja, kwa hiyo kila mzamiaji ana kipande chake cha mpira wa rangi kinachofungwa shingoni mwa mtungi. Mwekundu ni wa shemeji. Wa buluu ni wa Mapafu.

Asubuhi ile, Mama Kompresa alipokwenda kunywa chai, Mapafu alinyata hadi kwenye mtungi wa mpira mwekundu. Akaifunga koki yote. Halafu akaifungua kidogo, robo ya mzunguko, basi.

Ukiwa umekaa botini, mtungi wa namna hiyo haukuambii kitu. Geji inasema umejaa. Ukivuta pumzi, inakuja. Ni ukishuka, maji yakubane, kifua kidai hewa nyingi kwa mkupuo, ndipo koki inapogeuka bahili na kukupimia kwa kijiko cha chai. Mzamiaji anaanza kutapatapa. Anapanda juu macho yamemtoka, na mwenye shamba yupo pale pale, kavaa kofia yake, anamwangalia.

Huo ndio ulikuwa mpango, na ulikwenda sawasawa. Kasoro ilikuwa moja tu. Aliyekuwa anapimiwa kwa kijiko ni Mapafu.

Mtu mwingine angejiuliza kuna nini. Mapafu hakujiuliza, maana ugonjwa ule alikuwa ameutengeneza kwa mikono yake. Alivuta pumzi ya kwanza, ikaja nusu. Ya pili ikaja robo. Akaitazama geji: kila akivuta, mshale unaanguka, akiacha, unapanda polepole, kama mzee anayepanda ngazi.

Akageuza shingo. Ncha ya mpira ilikuwa inaelea juu ya bega lake. Ya buluu.

Mtungi ulikuwa na mpira wake, koki ilikuwa na ubaya wake. Vipi vikutane?

Na angeligundua mapema. Kila mzamiaji hufundishwa siku ya kwanza kabisa: kabla hujaruka, vuta pumzi tatu huku macho yako yapo kwenye geji yako. Mapafu amewafundisha hilo watu wasiopungua ishirini. Lakini asubuhi ile, wenzake walipokuwa wanatazama geji zao, yeye alikuwa anatazama geji ya shemeji, jasho jembamba linamtoka, anaomba ile koki isimsaliti mapema. Yake hakuiangalia hata kwa jicho la pembeni.

Alipeleka mkono nyuma ya kichwa. Vidole vikaigusa koki. Akashukuru, akazungusha.

Sasa, msomaji, jaribu hili ukiwa umekaa kwenye kiti chako: fungua bomba lililo nyuma ya kisogo chako bila kuliona. Kulia ni wapi? Kushoto ni wapi? Mzee wa miaka kumi na moja chini ya maji alizungusha kwa nguvu zake zote upande usio wake.

Kile kijiko cha chai nacho kikakauka.

Mita tatu kutoka pale shemeji alikuwa amempa mgongo, anasugua kizimba kwa brashi, anatikisa kichwa kwa wimbo anaoujua mwenyewe. Mapafu alipiga mapezi mawili akaukamata mguu wake. Shemeji akageuka. Mapafu akajipitisha kiganja shingoni, ishara ambayo kila mzamiaji anaijua: sina hewa.

Shemeji akamwangalia. Kisha akainua mkono, akampungia taratibu. Kwaheri, shem.

Hapo ndipo Mapafu alipokufa mara ya kwanza. Alijua kwamba amejulikana. Alijua kwamba shemeji amebadilisha mitungi, kwamba atabaki pale anampungia mpaka mwisho, halafu atapanda juu na kulia vizuri mbele ya dada yake.

Lakini hakukumbuka jambo moja. Wiki nzima iliyopita shemeji huyo huyo alikuwa anamfanyia utani huo huo: anajishika koo, anajilegeza, anaelea kama maiti, Mapafu anakuja mbio, jamaa anacheka mapovu. Mashemeji bwana. Safari hii shemeji alidhani zamu ya kutaniwa ni yake.

Ndipo akayaona macho ya Mapafu nyuma ya kioo.

Hakuchelewa tena. Aliung'oa mpira wa kupumulia uliokufa kinywani mwa Mapafu, akamsukumia wake wa akiba, akamkumbatia kwa mkono mmoja kama anayembembeleza mtoto. Mapafu akavuta. Hewa ya yule ambaye yeye alikusudia kumnyima ikamjaa mpaka tumboni. Alivuta kwa pupa, kwa aibu, machozi yanachanganyika na maji ndani ya miwani, na shemeji anampigapiga mgongoni: polepole, shem, ipo tele.

Kwa mkono wa pili shemeji alipapasa koki. Akaikuta imefungwa kabisa. Akaifungua mpaka mwisho, kisha akakaa kidogo akiitazama, kama mtu aliyekuta chumvi ndani ya kopo la sukari.

Botini ndiko kulikokuwa na mateso.

Mwenye shamba alitaka kujua kilichotokea. Shemeji akaeleza kwa ufupi: koki ya Mapafu ilikuwa imefungwa. Mwenye shamba akataka boti irudishwe gatini. Hapo akaamuru kazi isimame, wazamiaji na wafanyakazi wakusanyike, na Mama Kompresa asimame mbele. Akamuuliza kama asubuhi ile alizifungua koki au alikuwa anaota.

Hapa Mapafu aliona mlango. Neno moja tu lilitosha. Angesema kweli, nilikuta imefungwa, mama wa watu angefukuzwa kabla ya chakula cha mchana, na yeye angebaki mhanga, wa kupewa pole na chai ya tangawizi. Usimhukumu haraka, msomaji: alishafungua kinywa.

Mama Kompresa akamwahi. Alimkodolea macho, mikono kiunoni, na kuongea kana kwamba wapo wawili tu.

"Sema, baba. Sema niliiacha imefungwa. Halafu uwaambie watu dakika kumi zote zile ulikuwa unavuta nini."

Watu wakatazamana. Ilikuwa kweli. Hakuna mwanadamu anayeweza kufika mita kumi na nane na koki iliyofungwa kabisa. Kwa hiyo ilifungwa huko huko chini. Na huko chini walikuwa wawili, mmoja akiwa mita tatu mbali, amempa mwenzake mgongo.

Shemeji ndiye aliyemalizia hesabu, kwa upole kabisa, kama anayetafuta namna ya kumtetea.

"Shem," akasema, "ulijifungia mwenyewe?"

Unaona alivyobanwa? Akikataa, itabidi aseme koki ilikuwa karibu kufungwa tangu gatini. Akisema hivyo, wataulizana nani aliyeigusa, chai ilinywewa saa ngapi, nani alionekana wapi. Akishajulikana, hana kazi, na nyumbani hana mke, kwa sababu hakuna mwanamke anayelala na mtu aliyemkaba kaka yake. Njia ilikuwa moja na ilikuwa nyembamba.

"Nilijifungia mwenyewe," akasema Mapafu.

Kicheko kilianzia nyuma. Kikasogea mbele polepole, kila mtu akikipokea na kukiongeza. Mpishi alijishika mbavu. Mtu mmoja akauliza kama nyumbani nako huwa anajifungia chooni. Shemeji aliwanyamazisha, akamtetea kwamba mtu akichoka anachanganyikiwa, shem wangu huyu mapafu anayo makubwa, kinachomsumbua ni koki. Hapo kicheko kikaanza upya, na mbwa wa mlinzi naye akabweka kuunga mkono.

Mwenye shamba hakucheka. Alisema kiongozi wa wazamiaji, kuanzia dakika ile, ni shemeji.

Na shemeji, akiwa na cheo cha dakika mbili, akatoa amri yake ya kwanza. Kuanzia kesho mitungi itakaguliwa na mkono wa pili baada ya Mama Kompresa. Mkono huo uzifungue koki, ufunge mipira ya rangi, na mtungi usiguswe tena mpaka botini. Alipoulizwa mkono wa nani, akamtaja dada yake, mpandikizaji wa lulu, aliye na mkono mtulivu kuliko wote shambani.

"Mzamiaji mmoja ni kaka yake, mwingine mume wake," akasema. "Nani atatuangalia vizuri kuliko yeye?"

Wanaoafiki wakatakiwa kunyoosha mikono. Mapafu alinyoosha wake juu kuliko wote.

Walipotawanyika alibaki peke yake kwenye chanja, akaosha mtungi wake kwa maji baridi. Alikuwa anataka kuutoa ule mpira wa buluu autupe, asiuone tena. Ukagoma kutoka. Akauinamia.

Mama Kompresa hafungi fundo. Miaka yote huuzungusha mpira mara mbili na kuchomeka ncha, basi, ukiuvuta unatoka. Huu ulikuwa umefungwa kwa fundo la vitanzi viwili vilivyolalia kushoto, fundo dogo, nadhifu, la mtu wa mkono wa kushoto. Mafundo kama hayo yapo mamia kwenye nyavu za chaza zinazotoka banda la upandikizaji. Moja lipo kwenye kamba ya pazia la chumba anacholala.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakaa kwa muda mrefu, mpaka kengele ya mchana ikalia na wanawake wa banda la upandikizaji wakatoka kwenda kula.

Mkewe hakutoka. Huwa anamaliza trei yake kwanza.

Mapafu alimkuta bandani, ameketi chini ya taa, chaza amebanwa mbele yake kwenye kishikizo, midomo ya kombe imepanuliwa kwa kabari ya mbao. Kazi yake ni hii: kupasua nyama ya chaza kwa wembe mwembamba, kumtumbukizia punje ya duara na kijipande cha nyama ya chaza mwingine, kisha kumrudisha baharini akauguze kidonda kwa miaka miwili mpaka kigeuke lulu. Akikosea unywele mmoja, chaza anakufa. Kwake hufa wachache.

Mapafu akauweka juu ya meza mpira wa buluu alioukata kwa kisu, fundo likiwa zima.

"Fundo hili ni lako."

"Langu," akasema mkewe, kama aliyeulizwa kuhusu kijiko. Hakuinua macho.

Akamweleza bila kuulizwa. Asubuhi Mapafu alisahau miwani yake ya kuzamia nyumbani, akamfuata nayo gatini. Akamwona amechuchumaa kwenye mtungi wa mpira mwekundu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo, kama anavyofanya akitengeneza saa. Alingoja nyuma ya masanduku ya barafu mpaka alipoondoka. Akaenda, akaishika koki ya kaka yake aifungue, yaishe. Mkono tayari ulikuwa juu yake. Ndipo alipowaza kwamba akiifungua leo, mume wake ataifunga kesho, na kesho yeye hatakuwepo. Basi akaihamisha mipira: mwekundu huku, wa buluu kule.

Miwani akaitundika pale pale kwenye chanja. Mapafu alikumbuka kuikuta, na kufurahi kwamba siku ilianza na bahati.

Alianza na sauti ya chini. Alimwambia kwamba ulikuwa utani, utani wa mashemeji, wanafanyiana kila siku na kila mtu anajua. Alitaka jamaa apande juu anatapatapa, watu wacheke kidogo, mdomo umpungue. Hakuna zaidi.

Mkewe aliingiza ncha ya wembe ndani ya chaza.

"Wiki nzima mmekuwa mnaosha makombe kwenye mita nne," akasema. "Mtu akikosa hewa pale anasimama tu. Kwa nini hukumtania pale?"

Mapafu alisema hakulifikiria hilo. Alisema mwenye shamba alikuja leo, si jana. Alisema, halafu akaona kila analosema linamshusha mita nyingine, akaamua kupanda kwa hasira. Akapiga meza, punje zikaruka kwenye kisahani.

"Ulijua koki ina nini, ukanivisha mimi. Mumeo. Ungeniua."

Hapo mkewe aliweka wembe chini. Akaziokota punje moja moja, akazirudisha kwenye kisahani, akaifuta meza kwa kitambaa. Ndipo akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Wewe ulikuwa na kaka yangu mita tatu tu pembeni. Nilijua atakupa hewa yake, sikuwa na wasiwasi hata kidogo." Akainamisha kichwa, kama anayeuliza kwa nia njema kabisa. "Yeye alikuwa na wewe. Ungempa?"

Feni ya darini ilizunguka. Kwenye ndoo chaza mmoja alifunga kombe lake, tak. Mapafu alilitafuta neno "ndiyo", neno dogo kabisa, na alilihitaji kuliko alivyohitaji hewa asubuhi ile. Alilifikisha mpaka kwenye meno. Likagoma kutoka, kwa sababu alikuwa amekumbuka kitu ambacho hakuna aliyekiona: kwamba alipokuwa anashuka ubavuni mwa mwamba, kabla kifua hakijambana, alikuwa ameshachagua pa kusimama. Mbali. Nyuma ya kizimba cha mwisho, ambapo mkono wa mtu usingemfikia.

Mkewe akatikisa kichwa taratibu, kama aliyejibiwa, akaushika wembe tena.

Nje shemeji alikuwa anapita na kundi lake, anapiga mluzi. Aligonga dirisha kwa kidole, akamkumbusha Mapafu kwamba vile vizimba vya chini vimebaki nusu, kesho saa moja wanashuka tena, wao wawili, na asije kuchelewa. Akamwambia dada yake mitungi inamngoja. Akamtakia shem wake mlo mwema, akaenda zake.

Hasira ilikuwa imemwishia Mapafu yote. Aliuokota mpira wa buluu, akauzungusha kwenye kidole. Alipouliza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji nyumba ya watu.

"Na kesho, mke wangu? Koki yangu utaifungua yote?"

Mkewe alimtoa chaza kwenye kishikizo, akamrudisha kwenye maji, akachukua mwingine.

"Utajua ukifika mita kumi na nane."